Kwa Nini Mtani Anacheka Msibani

Babu yangu alizikwa Maneromango, wilaya ya Kisarawe, Jumamosi moja baada ya adhuhuri. Jeneza lilipoinuliwa tu kutoka uani, mama mmoja wa Kisukuma ambaye tangu alfajiri alikuwa jikoni akatoka mbio, akaenda kulala katikati ya njia chini ya mwembe. Alikuwa amevaa kanzu ya marehemu, imemvuka miguu, barakashia yake kichwani na bakora yake mkononi.

"Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Huyu Mzaramo ana deni langu la mbuzi tangu mwaka juzi. Leo anatoroka, tena amebebwa kama bwana harusi!"

Kisha akakohoa. Alikohoa hasa kama babu, mara mbili kwa ufupi na mara ya tatu kwa kuvuta, akasafisha koo na kuita kwa sauti ya mzee, "Nani kachukua ugoro wangu?" Bibi, ambaye tangu usiku alikuwa amekaa kwenye mkeka bila kutoa hata neno, aliangua kicheko kabla hajajizuia. Kicheko hicho hicho kikageuka kilio, na hapo ndipo bibi alipolia kwa mara ya kwanza tangu mumewe akate roho. Sinia likapitishwa, watu wakaweka noti na sarafu, shehe akasimama pembeni akisubiri kwa subira ya mtu anayeijua nchi yake. Mama yule akahesabu, akalalamika kwamba Wazaramo ni wabahili hata mbele ya kifo, akainuka, akakung'uta vumbi kwenye kanzu. "Basi, nimemsamehe. Mpelekeni." Akarudi jikoni kwenye masufuria yake.

Mwenzangu wa kazini aliyekuja kutoka Nairobi kunifariji alininong'oneza, "Huyu mama ni mzima? Mbona hamumfukuzi?" Nikamwambia ni mtani wetu. Akanitazama. Kwake yeye, na kwa Wakenya wengi, utani ni mzaha tu, na mzaha haufanywi juu ya jeneza. Nimekuwa nikimjibu kwa vipande vipande tangu siku ile, na haya ndiyo majibu yaliyokamilika.

Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo linalochanganya. Kiswahili kina mzaha, masihara, dhihaka, kejeli, stihizai, na yote hayo ni mambo ambayo mtu yeyote anaweza kumfanyia mtu yeyote. Utani, kwa maana yake ya Tanzania, ni uhusiano. Mtu anazaliwa nao kama anavyozaliwa na wajomba. Huwezi kuamua leo kuwa mtani wa fulani kwa sababu mmezoeana, na huwezi kujitoa kwa sababu amekuudhi. Mchongoano wa vijana wa Nairobi nao ni kitu kingine kabisa. Ule ni mchuano, mshindi ni mwenye ulimi mkali, na ukiisha kila mtu anakwenda zake. Watani hawana mshindi, na hakuna anayekwenda zake, kwa sababu ndani ya yale maneno makali kuna wajibu unaomfunga kila mmoja.

Mzizi wake uko nyumbani. Katika makabila mengi bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", akamlalamikia kwamba amemtelekeza na hamletei hata kilo ya sukari. Babu naye humwita mjukuu wa kike "mchumba". Shemeji hutaniana, wifi hutaniana, na sehemu nyingi watoto wa mjomba na wa shangazi hutaniana hadi mgeni akaona haya. Sasa tazama upande wa pili: mtu na mkwe wake. Huko hakuna mchezo. Kuna makabila ambayo mkwe haketi karibu na mama mkwe, hali naye sahani moja, na wakikutana njiani mmoja hupinda kichakani. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika kwamba mambo haya mawili, kukwepana na kutaniana, ni dawa mbili za ugonjwa mmoja. Watu wanaounganishwa na jambo moja na kutenganishwa na jingine, kama ndoa inavyounganisha koo mbili zisizo damu moja, wako karibu sana kiasi cha kugombana na mbali sana kiasi cha kutopatana wakigombana. Basi ama wawekewe heshima nzito mno, au waruhusiwe kutoheshimiana kwa kiwango ambacho hakuna tusi linaloweza kuwa tusi tena. Naona maelezo hayo yana nguvu, ila yana upungufu ambao mtu aliyekaa matanga atauona upesi: yanaeleza kicheko na kuiacha kazi. Nitaurudia.

Kutoka kwenye ukoo, utani ulipanuka hadi makabila. Wazaramo, Wakwere na Waluguru wana utani na Wanyamwezi na Wasukuma. Wahehe wana utani na Wangoni. Wapare wana utani na Wachaga. Orodha ni ndefu, na miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya maandishi ya wanafunzi waliotumwa kueleza utani wa makwao, kabila baada ya kabila. Kabla yake, miaka ya 1940, aliyejaribu kuichora ramani ya utani wa Tanganyika alikuwa R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara. Napenda sana jambo hilo, kwamba mtu aliyekuja kuhesabu ndege wa msituni alisikia watu wakitukanana na kucheka, akaona hapa pana jambo la kuandika.

Ukiwauliza wazee utani ulitoka wapi, majibu hurudi kwenye njia mbili: vita na safari.

Vita kwanza. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, wakitokea kusini mwa Afrika. Zwangendaba alifia Ufipa katika miaka ya 1840, watu wake wakagawanyika. Kundi moja, Watuta, lilikwenda kaskazini hadi Unyamwezi. Wengine waliishia Songea. Wengine walirudi upande wa Zambia na Malawi. Kila walikopita walipigana, na kila walikopigana kwa muda mrefu bila upande mmoja kuumeza mwingine, waliacha utani. Wangoni wa Songea walipambana na Wahehe kati ya mwaka 1878 na 1882, vita vilivyoanza siku za Munyigumba, mtawala wa Wahehe, na kuendelea kwa mwanawe Mkwawa, na hakuna aliyemshinda mwenzake moja kwa moja. Leo ni watani. Huko Zambia Wangoni walipigana na Wabemba, leo ni watani, na uhusiano huo ulikuwa hai kwenye miji ya migodi ya shaba kiasi kwamba mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliandika juu yake mwaka 1956 alipokuwa akieleza kalela, ngoma iliyochezwa huko migodini. Kabila moja, nchi mbili, hadithi ile ile. Watu waliouana hawawezi kujifanya hawakuuana. Kinachowezekana ni kuligeuza lile neno la vita kuwa neno la kuchekea. "Babu yenu alikimbia akaacha mkuki" ni kauli ambayo kwa wasio watani ingewasha moto.

Njia ya pili, ya safari, ndiyo inayotuhusu sisi wa Pwani. Katika karne ya 19 pembe za ndovu ziliteremka kutoka Tabora hadi Bagamoyo, mwendo wa kilomita kama 800, miezi mitatu kwa miguu, na wabebaji wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, begani. Mfikirie kijana huyo anaingia Uzaramo ana homa, hana ndugu, haijui lugha, na msafara haumsubiri mtu. Nani atampa uji? Akifa, nani atamfukia? Na kwa upande wa mwenyeji, hawa ni mamia ya wanaume wenye njaa wanaopita kando ya shamba lake la mihogo kila kiangazi. Ama uwe adui yao kila mwaka, au muwe na mkataba.

Utani ndio ulikuwa mkataba. Mnyamwezi mwenye njaa akipita shambani kwa Mzaramo anang'oa muhogo, anakula, na mwenye shamba akimkuta anamtukana, "Mwizi wewe, kwenu hakulimwi?" Naye anajibu kwamba amefanya hisani kula muhogo mbovu namna ile. Imekwisha. Hakuna kesi, kwa sababu mtani akichukua chakula hajaiba. Lakini akiumwa analazwa uani, na akifa anazikwa na mikono ya wenyeji. Mambo hayo mawili hayatenganiki. Haki ya kung'oa muhogo na wajibu wa kuchimba kaburi viliandikwa kwenye karatasi moja, na mchango wa matusi ulikuwa kumfanya kila mmoja asione haya kupokea. Mtu anayepewa msaada na kuambiwa asante anabaki mdogo mbele ya aliyempa. Mtani hapewi, anapora. Na anayeporwa hajidai, anatukana. Mezani wanabaki sawa.

Ndiyo maana nasema kicheko peke yake hakitoshi kuueleza utani. Rudi msibani uone.

Mtu akifariki, wenye damu naye wamevunjika. Anayempenda marehemu hawezi kumwosha bila mikono kutetemeka. Mwanawe hawezi kushika jembe akapima urefu wa kaburi. Mjane hawezi kusimamia masufuria ya kuwalisha watu mia mbili. Jirani yupo, lakini jirani ana woga wake: anaogopa kuonekana anajiingiza, anaogopa kukosea. Panahitajika mtu wa karibu kiasi cha kuruhusiwa kushika kila kitu, na wa mbali kiasi cha kutovunjika. Mtu huyo ni mtani. Kwa Wakaguru, kama mwanaanthropolojia T. O. Beidelman alivyoandika mwaka 1966, watani wa ukoo ndio wanaoondoa unajisi wa kifo ili waliobaki waweze kuishi tena. Kwa Waislamu wa Pwani mambo ya kuosha na kukafini yana taratibu zake za dini, lakini kuchimba, kuteka maji, kuchanja kuni, kupika na kuwapanga watu vinabaki kazi ya watani. Kaburi la babu lilichimbwa na Wasukuma wanne wanaofanya biashara ya ng'ombe Kisarawe. Walianza saa kumi na moja alfajiri, na kila aliyepita aliambiwa kwamba wanalifanya fupi makusudi kwa sababu marehemu hakuwahi kunyoosha miguu kulima.

Na yale maigizo? Hapa ndipo mwenzangu wa Nairobi alipokwama, na simlaumu. Kuvaa nguo za marehemu, kukohoa kama yeye, kumdai deni: nje ya utani ni ukatili. Ila angalia kilichotokea kwa bibi. Usiku kucha watu walimwambia ajikaze, avumilie, ni kazi ya Mungu. Maneno mazuri yote, na yote yalimfunga mdomo. Aliyemfungua ni mama aliyemrudishia mumewe kwa sekunde chache, pamoja na kikohozi na ugoro wake, tena mzee yule yule mkorofi ambaye bibi aliishi naye miaka hamsini, si yule mtakatifu aliyekuwa akisifiwa tangu jana. Mtani ana ruhusa ya kusema kweli kuhusu marehemu siku ambayo hakuna mwingine anayeweza. Akiwa alikuwa bahili, atasema. Akiwa alikuwa anapenda kunywa, atapita na kibuyu.

Kuna pia ile njia aliyoifunga. Mfiwa anataka jeneza lisitoke na anajua lazima litoke. Mtani analizuia kwa niaba yake, kwa sauti ambayo mfiwa hana, kisha anakubali, na kwa kukubali kwake anamruhusu mfiwa naye akubali. Sijasoma maelezo haya popote. Nimeyaona tu, misibani mingi, na kila mara njia ikifunguliwa nyuso za watu huwa tofauti na zilivyokuwa.

Zile pesa za kwenye sinia, kwa wanaodhani watani huja kuvuna: sehemu ilinunua sukari na mchele wa siku ya tatu. Sehemu waligawana wachimbaji. Zilizobaki mama yule alizifunga kwenye pindo la khanga ya bibi siku ya kuanua matanga, akimwambia ni nauli ya kutafutia mume mwingine.

Utani una mipaka, na wanaoujua wanaijua bila kuandikiwa. Mtani hadhuru mwili. Akichukua kitu, ni cha kuliwa au kidogo, si ng'ombe wa maziwa wala hati ya kiwanja. Anachokisema anakisema mbele yako, tena mbele ya watu, kwa sababu tusi la utani lisilo na mashahidi ni tusi tu. Na ukitaniwa hukasiriki. Ukikasirika, wanaoaibika ni watu wa kwenu. Kubwa kuliko yote, anayetania leo awe tayari kuja kesho akiitwa. Mtani aliyesikia msiba akakaa kimya amevunja jambo zito kuliko aliyetukana kupita kiasi.

Uhusiano huu hauna pia tabia ya kuambukiza. Wazaramo kuwa watani wa Wasukuma hakuwafanyi kuwa watani wa kila kabila ambalo Wasukuma wanataniana nalo. Kila jozi ina historia yake na mizaha yake. Wapare na Wachaga, majirani wa Kilimanjaro, wana ile ya sarafu: ukitaka kuhakikisha kama Mchaga amekufa kweli, dondosha sarafu karibu na sikio lake. Mchaga anajibu kwamba Mpare atauza shamba zima kuendeshea kesi ya mti mmoja wa mpakani. Nimewasikia wazee wawili wa namna hiyo kwenye basi la Moshi wakienda hivyo tangu Chalinze hadi Korogwe, na walipofika Same aliyekuwa akiteremka alibebewa mzigo wake hadi chini na yule aliyekuwa akimtukana.

Afrika Magharibi wana ndugu wa utani wetu. Mali unaitwa sanankuya, na masimulizi yao yanauhusisha na Sundiata Keita, mwasisi wa dola ya Mali, na mkutano wa Kurukan Fuga wa karne ya 13. Huko mara nyingi jina la ukoo ndilo linaloamua, kiasi kwamba Traoré na Diarra wakitajiana majina tu dukani, mmoja keshamwita mwenzake mla kunde. Niger iliuandikisha utani wake UNESCO mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu. Sisi hatujafanya hivyo, na ninatamani tungefanya.

Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na watu wakieleza kwa nini hayakugombana kama ilivyotokea kwingine hutaja Kiswahili, siasa za Mwalimu Nyerere, shule za bweni na Jeshi la Kujenga Taifa. Vyote ni kweli. Lakini vilikuta tayari kuna wavu uliofumwa zamani, ambamo Mngoni akifika mji asioujua aliweza kuuliza kama kuna Mhehe, akapata mtu wa kumtukana na mahali pa kulala. Mashamba ya mkonge yaliyokusanya vibarua kutoka kila pembe, reli, bandari ya Dar es Salaam: kote huko mtu aliyekufa mbali na kwao alizikwa, mara nyingi na mtani.

Ninachokihofia ni kwamba neno linabaki huku kazi ikiondoka. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na tunaziita watani wa jadi. Siyakatai mapenzi ya mpira, lakini mtoto anayelisikia neno hilo uwanjani tu anajifunza kwamba mtani ni mpinzani, basi. Mijini msiba sasa una kamati, turubai la kukodi, na wapishi wa kulipwa. Mtani akija anakuta kazi zote zimeshanunuliwa, amebakiwa na mdomo. Na mdomo usio na jembe ndio unaoleta maudhi. Mitandaoni mtu anaandika maneno machafu kuhusu kabila zima, akiulizwa anasema ni utani tu. Utani na nani? Wazee wa pande zote mbili wanaujua? Msiba ukitokea kwao utakwenda kuchimba? Maswali hayo matatu yanatosha kumtenganisha mtani na mtu mwenye chuki aliyejificha nyuma ya neno letu.

Miaka miwili baada ya babu, mume wa yule mama alifariki, akasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Magu, mkoa wa Mwanza. Hakuna aliyetuita kwa barua. Mjomba alisema tu tunakwenda, tukapanda basi watu wanne, usiku na mchana. Tulipofika tulionyeshwa mahali na kupewa majembe. Ardhi ilikuwa kavu, ngumu kama tofali, na kufikia saa mbili asubuhi viganja vyangu vilikuwa na malengelenge. Vijana wa pale walisimama ukingoni wakiulizana kama Wazaramo tumewahi kushika mpini wa kitu chochote kisicho ngoma.

Gari lililobeba mwili lilipokata kona kuingia kijijini, mjomba, mtu wa miaka sitini na tano, mwenye presha, alikuwa tayari amelala katikati ya barabara amevaa koti la marehemu, akidai mbuzi wake.

Kwenye kiti cha mbele cha gari, mama yule alishusha khanga aliyokuwa amejifunika usoni, akamtazama, akaanza kucheka.